Nimeona tangazo la kwenda kulea tembo Thailand: nilipe au niache?

Shikamooni wataalamu wa safu hii.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mbagala. Nina stashahada ya afya ya mifugo, na huu ni mwaka wa tatu nahudumia ng'ombe wa maziwa wa wafugaji wadogo kule Kigamboni: chanjo, kwato, viwele, kuzalisha. Tangu nikiwa chuo nina hamu ya kufanya kazi na tembo. Mwezi uliopita nimeona tangazo la kwenda kujitolea kulea tembo wa kufugwa kaskazini mwa Thailand, karibu na Chiang Mai, wiki nne za mwezi Machi. Ada ni dola 1,450, inakaribia milioni nne za kwetu. Chakula na malazi vimo ndani, tiketi ya ndege juu yangu. Picha zinaonyesha vijana wako mtoni wamekumbatia ndama wa tembo, na wameandika kwamba kila siku nitaoga na watoto wa tembo. Wanataka dola 400 za kushika nafasi ndani ya saa 72, zitumwe kwa akaunti yenye jina la mtu. Saa hizo zimeshapita mara mbili na kila mara wananiongezea. Kuhusu viza, wamesema niombe ya utalii tu, kila mtu hufanya hivyo.

Pesa ninayo, ni mgao wangu wa kikoba. Mjomba anayenilea anasema hajapata kuona mtu analipa ili afanye kazi, na kwamba tembo tunao hapa hapa Mikumi. Mama anaogopa tembo ataniua. Mimi hofu yangu ni nyingine: nisije nikafika nikakuta wanateswa, na pesa yangu ndiyo inayolipia. Nina pumu kidogo pia, hunibana nikikutana na moshi au vumbi. Je, jambo hili lipo kweli? Nitafanya kazi gani hasa? Litanisaidia kwenye taaluma yangu? Na kama ni la kwenda, nijiandae vipi?

Binti wa Mbagala, Dar es Salaam

*

Marahaba, binti yetu.

Tuanze na pesa, maana ndiyo yenye haraka. Usitume hizo dola 400. Kituo kinachoeleweka hupokea malipo kwa jina la taasisi iliyosajiliwa, hutoa risiti, na hueleza kwa maandishi utarudishiwa nini safari ikivunjika. Saa 72 zinazoisha na kuanza upya ni njia ya kukukimbiza usiulize maswali. Na anayekuambia uingie nchi ya watu kwa viza isiyo ya kazi yako anakutwika wewe hatari ambayo yeye hataibeba.

Kwamba jambo lenyewe lipo, lipo. Mjomba wako anauliza swali la haki kabisa, na jibu lake liko kwenye mizani. Tembo mzima wa Asia hula kilo 150 hivi za majani mabichi kwa siku, na hunywa lita 100 na zaidi. Hacheui kama ng'ombe wako. Tumbo lake linafanana zaidi na la punda, chakula husagwa kwenye utumbo mpana, tena chini ya nusu yake. Kinachobaki kinatoka kama kilivyoingia, nyuzi kwa nyuzi. Kituo cha tembo 20 kinahitaji tani tatu za chakula kila siku ya Mungu, mzigo wa Canter iliyoshiba, na kesho yake hivyo hivyo. Ongeza mshahara wa mahauti, yaani yule mlezi anayekaa na tembo mmoja kwa miaka, ongeza dawa na daktari. Tembo hawa hawana mbuga ya kujilisha. Thailand ilipiga marufuku ukataji wa magogo kwenye misitu ya asili mwaka 1989, na tembo waliokuwa wakiburuta magogo wakakosa kazi pamoja na mahauti wao. Wengi wakaishia kwenye utalii. Leo tembo wa kufugwa nchini humo ni zaidi ya 3,000, na kisheria ni mali ya mtu, mwenye hati yake, kama alivyo nyati wa kulimia. Ndiyo maana hata mwenye huruma hawezi kuwafungulia tu waende msituni. Mwaka 2020 wageni walipokatika, wenye tembo wengi waliwarudisha kwa miguu hadi vijijini kwao kwa kukosa pesa ya majani. Kwa hiyo ada unayolipa inaweza kabisa kuwa ndiyo chakula chenyewe. Swali ni kama inakwenda huko.

Sasa hilo tangazo lako. Kinachotutisha zaidi ya bei ni hao ndama. Ndama wa tembo hunyonya miaka mitatu, minne, na katika umri huo hatakiwi kubanduka kwa mama yake na shangazi zake. Ukiona kituo kina ndama wengi wanaozoea wageni kila siku, jiulize mama zao wako wapi, na ndama hao walifundishwaje kutulia katikati ya watu. Mafunzo ya kale ya kumvunja nguvu ndama ni kumtenga na mama yake, kumfunga asigeuke, na kumchoma kwa ndoana hadi akubali amri ya binadamu. Ndama anayekumbatiwa mtoni leo huenda aliyapitia hayo, na miaka michache baadaye ndiye atakayepewa kiti mgongoni. Kituo cha kweli cha kuwatunza waliostaafu na walioumia kimejaa majike wazee, vipofu, wenye vilema vya magogo na mabomu ya ardhini. Huko Lampang kuna hospitali ya tembo iliyoanzishwa mwaka 1993, ya kwanza duniani ya aina yake. Mgonjwa wake mmojawapo, jike aitwaye Motala, alikanyaga bomu mpakani na Myanmar mwaka 1999, na baadaye akatengenezewa mguu wa bandia. Wagonjwa wa namna hiyo hawapendezi kwenye tangazo, ila ndio wanaohitaji mikono.

Kuna swali moja linalopima kituo kuliko picha zote: waandikie uwaulize, mtu wa kujitolea anakatazwa nini? Kituo kizuri kitakujibu ukurasa mzima. Hapandi tembo, haogi naye, hasogei bila mahauti, hakaribii dume, hampi chakula nje ya saa. Kikikujibu kwamba uko huru kufanya unachotaka, achana nacho. Hapo hapo waulize tembo ni wangapi na mahauti wangapi. Waulize daktari wa wanyama anakaa kituoni au huitwa kutoka umbali gani. Tembo ni mali ya kituo au wamekodishwa? Kituo kinazalisha ndama? Usiku wanafungwa, kwa saa ngapi, kwa mnyororo wa mita ngapi? Hilo la mnyororo tunakusihi usilihukumu haraka. Vituo vingine vyenye nia njema hufunga usiku kwa sababu shamba la jirani liko hatua chache na tembo akivuka atapigwa risasi au atakula majani yaliyopuliziwa sumu. Anayejibu kwa saa na mita unaweza kuzungumza naye. Anayekuambia kwao hakuna mnyororo wakati picha yake mwenyewe ina kovu la duara juu ya kifundo cha mguu wa mbele, huyo umemkamata.

Ukipata picha au video ambazo hazikupangwa, tazama paji la uso na nyuma ya masikio, maana ndipo ndoana huchomwa. Mahauti kushika fimbo yenye ndoana si ushahidi peke yake, ila vidonda vibichi ni ushahidi. Tazama pia kama tembo anayumba kichwa kushoto kulia bila kukoma, mguu ukipokezana na mguu, kama anacheza muziki usiosikika. Wageni hucheka wakidhani amefurahi. Hiyo ni alama ya mnyama aliyefungwa muda mrefu mahali pamoja, na mara nyingi hubaki nayo hata akishapata nafasi.

Kazi yenyewe ni chakula, mavi na miguu. Asubuhi na mapema ni toroli, koleo na reki. Tembo mmoja hujisaidia mara 15 hivi kwa siku, mabonge matano na zaidi kila mara, kwa hiyo hesabu walau toroli moja iliyojaa kwa kila tembo. Halafu Canter inaingia na kila mtu anapanga foleni ya kupokezana maboga, matikiti na ndizi. Matunda huoshwa kwa maji mengi, kwa sababu ya dawa za shambani. Siku nyingine mtapakiwa kwenda shambani na mapanga kukata mabua ya mahindi au mabingobingo, kuyafunga mizigo na kuyabeba. Mabua ni mazito yakiwa mabichi na makali kama wembe kwenye mikono isiyo na glavu. Mchana ni kumenya, kukatakata, kujenga uzio, kuchimba dimbwi la matope. Kumgusa tembo unaweza kukaa siku tatu hujamgusa, na wala hujapunjwa kitu.

Matunda ni sehemu ndogo ya mlo. Kituo ambacho wageni wanamwaga vikapu vya ndizi kutwa nzima kinawanenepesha tembo kwa sukari, tumbo linalegea, na uzito wote huo unakwenda kukaa kwenye nyayo. Wazee wanalishwa kivyao. Tembo huota magego seti sita maishani, moja ikisukuma nyingine kutoka nyuma kuja mbele, na ya sita ikisagika hana nyingine. Huyo ndiye utakayemkatia majani vipande vya urefu wa kidole, kummenyea ndizi, na kumviringishia matonge ya wali na maboga. Tumbo likifunga, mahauti wengi humpa ukwaju na chumvi. Ukwaju ni huu huu wa juisi ya mtaani kwako.

Wewe kwa taaluma yako tunataka uyaangalie mavi zaidi ya mwenzako wa toroli. Pasua bonge moja kwa mti. Ndani uone nyuzi fupi, unyevu wa kutosha, harufu ya majani yaliyochacha kidogo. Nyuzi zikiwa ndefu kama ulivyozikata, meno yake yamechoka au yameota vibaya, mlo ubadilishwe. Ute mweupe juu ya bonge unaonyesha utumbo umekwaruzwa, na mchanga unasema analishwa chini pasipo na kitu cha kuwekea chakula. Tembo ambaye hajatoa kitu nusu siku, amekataa chakula, analala na kuinuka, anajiuma mkonga, hiyo ni dharura. Chanzo mara nyingi ni majani yaliyopata ukungu kwa kurundikwa yakiwa na maji, au mabua yaliyotoka shamba lililopuliziwa juzi. Mwite daktari kwanza, jina la ugonjwa litajulikana baadaye.

Kwenye miguu ndipo ng'ombe wa Kigamboni watakapokufaa. Magonjwa ya miguu ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowamaliza tembo wa kufugwa. Tembo wa porini hutembea kutwa na unyayo hujisugua wenyewe. Wa kufugwa husimama kwenye zege lililolowa mkojo, sugu inazidi, inapasuka nyufa kama magaga, kijiwe kinaingia, usaha unajifungia kando ya ukucha. Unayoyajua kuhusu kwato ni hayo hayo, tofauti ni tani tatu au nne zilizosimama juu yake.

Utaona hivi: mahauti anatoa amri, tembo anainua mguu na kuuweka juu ya gogo au kwenye tundu la uzio wa vyuma. Unaosha kwa brashi, kuanzia katikati ya kucha kwenda kisiginoni, ukihesabu kucha, kwa kawaida tano mbele na nne nyuma kwa tembo wa Asia. Jike aliyezoea ataacha mguu ulegee mkononi mwa mahauti na kuendelea kutafuta majani kwa mkonga. Mguu wenye jipu unaloweshwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi ya Epsom dakika 15 hadi 20. Kisha tundu la jipu linapigwa maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Dawa ni iodini iliyopunguzwa kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Iodini kali inaunguza nyama mpya, na hilo ni kosa tunaloliona sana kwa wanaotaka kupona kwa haraka. Kosa la pili ni kuacha tundu lizibe nje kabla ndani hakujapona, usaha unapanda juu kuelekea kwenye mfupa. Tupa na kisu cha kupunguza sugu ni kazi ya mahauti na daktari, wewe ni ndoo, brashi na daftari: mguu upi, ukucha wa ngapi, leo tundu lina kina gani ukilinganisha na juzi. Daftari likiandikwa kila siku ndilo linalomwambia daktari kama dawa inafanya kazi, na vituo vingi havina mtu wa kuliandika.

Mama usimwambie hakuna hatari. Januari 2025 mwanafunzi wa Kihispania aliuawa na tembo aliyekuwa akimwosha kwenye kituo kimoja cha kusini mwa Thailand. Ndiyo sababu nyingine ya kuukataa mto wa kwenye tangazo: majini huna pa kukimbilia. Mwambie mama utafuata haya. Usimwendee tembo kwa nyuma. Usisimame kati ya tembo wawili, wala kati ya tembo na ukuta, mti au gari. Sogea kwa mbele kidogo ubavuni, akuone kwa jicho, mahauti akiwepo na akisema ndiyo. Chakula mpe ukiweka kwenye ncha ya mkonga, usimchezee kwa kumwonyesha na kurudisha, na usiweke ndizi mfukoni, maana ataitafuta na mwili wako uko njiani. Masikio yanayopunga ni ya mnyama aliyetulia. Masikio yakisimama ghafla, mkia ukakakamaa, kichwa kikainuka, rudi nyuma taratibu bila kumpa kisogo. Dume akiwa katika kipindi chake cha wazimu wa homoni utamjua kwa majimaji yanayochuruzika kati ya jicho na sikio, na mkojo unaodondoka matone matone huku mapaja yamelowa. Kipindi hicho hudumu wiki hata miezi. Hata mahauti wake humlisha kwa mbali, na kituo kitakachokuruhusu kumsogelea hakifai.

Afya yako, na yao. Kifua kikuu cha binadamu huwapata tembo, na kutibu tembo mmoja huchukua miezi mingi ya vidonge anavyovitema. Pima kabla ya kwenda. Kipimo cha ngozi kinaweza kukudanganya kwa sababu wengi wetu tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni. Omba picha ya kifua, na kama una kikohozi, kipimo cha makohozi, ambacho hospitali za serikali hufanya bure. Cheti cha homa ya manjano Thailand hukidai kwa mtu anayetoka Tanzania, na chanjo huhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo usiiache hadi wiki ya safari. Ukishachanjwa ni ya maisha. Pepopunda iwe ya ndani ya miaka 10. Kichaa cha mbwa chanja dozi mbili, siku ya kwanza na ya saba baadaye, maana vituo hivi vimejaa mbwa waliookotwa. Kwa kazi yako ya mifugo ulipaswa kuwa nayo tayari. Bima ya safari isome hadi maandishi madogo: nyingi zinaondoa ajali za kufanya kazi na wanyama.

Pumu yako ndiyo inayokataza Machi. Kaskazini mwa Thailand, kuanzia Februari hadi Aprili, mashamba na misitu huchomwa na moshi hulala juu ya bonde la Chiang Mai kama kifuniko cha sufuria. Siku mbaya mlima ulio kando ya mji hauonekani. Mtu mzima asiye na tatizo hukohoa, sembuse wewe kwenye vumbi la mabua. Anayekupangia Machi bila kukuuliza afya yako hajali, au hajui mahali anapokupeleka. Julai hadi Oktoba ni mvua. Oktoba 2024 mafuriko yaliingia katika kituo kimoja cha huko na kuwazamisha tembo wawili. Lenga Novemba hadi Januari: hewa safi, asubuhi baridi ya kuhitaji sweta. Beba pampu mbili za pumu, moja mwilini na moja kwenye begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari.

Viza sasa. Sheria ya Thailand huhesabu kujitolea kuwa ni kazi, hata kama wewe ndiye unayelipa. Kituo kinatakiwa kukupa barua ya mwaliko na nyaraka zake za usajili, ili uombe viza isiyo ya utalii katika ubalozi unaohudumia Tanzania, na kieleze nani anashughulikia kibali cha kazi. Wakishindwa kuandika barua hiyo, maana yake hawajasajiliwa kupokea watu. Nepal nayo, ambako pia kuna mazizi ya tembo kule Chitwan, hairuhusu kujitolea kwa viza ya utalii.

Kuhusu taaluma, tutakuambia bila kuzunguka. Wiki nne hazikufanyi mtaalamu wa tembo, na cheti kutoka kituo cha utalii hakina uzito mbele ya mwajiri wa hapa. Kitakachokuwa na uzito ni lile daftari la miguu, na barua ya daktari wa kituo anayeeleza ulichokifanya. Kwa hiyo unapoandika kwao usijitambulishe kama msichana anayependa tembo. Taja stashahada, miaka mitatu ya kwato na majipu, na uombe uwekwe upande wa zahanati kama msaidizi. Kutibu mwenyewe hutaruhusiwa, huna leseni ya kule. Baadhi ya vituo hupunguza ada kwa mtu mwenye ujuzi. Uliza, hawatakutangazia.

Mjomba wako kwenye Mikumi yuko nusu sahihi. Tembo wetu ni wa porini na hawahitaji mtu wa kuwaosha. Sensa zilionyesha walishuka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014 kwa ujangili, na sasa taabu kubwa iko mipakani mwa hifadhi, ambako tembo anakula mahindi ya mtu usiku mmoja. Kazi ya huko ni uzio wa mizinga ya nyuki, kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, na kukaa na wanakijiji. Ukitaka njia ndefu, kuna vyuo: Mweka kwa usimamizi wa wanyamapori, Pasiansi kwa uaskari, na Sokoine pale Morogoro kwa udaktari wa mifugo, miaka mitano, ambao kwa mtu mwenye stashahada yako ndio tungeuweka mbele ya vyote. Na kama hamu yako ni ndama yatima, jirani zetu Kenya wanao Nairobi na kule Reteti, Samburu, kituo cha jamii kilichofunguliwa mwaka 2016. Walezi huko ni waajiriwa, wanawanywesha maziwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Ajira kama hiyo hutangazwa na hushindaniwa, ila nauli ya basi inakufikisha.

Ukiamua kwenda Asia, tungependelea wiki mbili kwenye kituo cha wazee na wagonjwa, Novemba, kuliko nne za ndama. Pesa itakayobaki irudishe kikobani. Begi liwe jepesi: suruali ndefu tatu za kuchakaa, mashati ya mikono mirefu, kofia pana, glavu za ngozi jozi mbili, koti la mvua, tochi ya kichwani, pakiti za ORS. Manukato acha nyumbani.

Na gambuti. Zile unazovaa zizini ziache Kigamboni, ukanunue mpya kule. Tembo wa Asia hupata ugonjwa wa miguu na midomo, ule ule unaowachanja ng'ombe, na aina za virusi za kule na za kwetu hazifanani zote. Siku ya kuondoka waachie mahauti hizo gambuti. Nguo za kazi zifue kwa maji ya moto kabla hujafunga begi, sugua kucha za mikono na soli za raba za safari. Ukitua Dar, kaa walau siku tano hujaingia kwenye zizi la mtu, hata wakikupigia simu kwamba ng'ombe anazaa. Mtafute mapema mwenzako wa kukushikia zamu, na wafugaji wako wape namba yake kabla hujapanda ndege.